Cyrus wa Mtaa Wenu Ana Jina la Mfalme wa Iran: Maana na Chanzo cha Majina ya Wanaume wa Kiirani

Kila mtaa Kenya uko na Cyrus wake. Kuna Cyrus wa kinyozi, Cyrus wa boda, na yule Cyrus mlisoma naye alikuwa anakopa kalamu na harudishi. Na nakuwekea dau hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba jina lake ni la Kiirani, tena si la msee wa kawaida. Ni la jamaa mwenye alianzisha ufalme wa Uajemi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Siku hizi Iran haitoki kwa habari. Makombora, mafuta, mpira, maandamano. Majina yao yanapita kwa skrini na sisi tunayasoma venye tunasoma majina za dawa: Alireza, Khashayar, Abolfazl, Siavash. Unaruka tu. Lakini ukitulia nayo kidogo unapata mengine yako kwa Biblia ya shosho yako, mengine yako kwa madrasa ya Mombasa, na moja ilizaliwa hapa tu Zanzibar ikaenda ikabadilisha muziki wa dunia nzima. Hiyo ya mwisho tutafika.

Kwanza jua hivi. Majina ya wanaume wa Iran yana mito mitatu mikubwa. Kuna Kiajemi cha kale, cha kabla Uislamu ufike. Kuna Kiarabu, kilichokuja na dini. Halafu kuna makabila mengine ya nchi hiyo, ju Iran si ya Waajemi peke yao: kuna Wakurdi, Waazeri, Walur, Wabaluchi, Waarmenia na wengine. Jina la msee linaweza kukuambia ametoka upande gani, na wakati mwingine hata mzazi wake alikuwa anaitakia nini serikali.

Koreshi ndiye Cyrus

Wairani wenyewe hawasemi Cyrus. Wanasema Kourosh. Wagiriki waliandika Kyros, Walatini wakafanya Cyrus, wamishonari wakatuletea hiyo ya Kilatini ikiwa imeiva. Lakini fungua Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Ezra, utampata hapo kwa mstari wa kwanza kabisa akiitwa Koreshi, mfalme wa Uajemi. Huyo huyo. Mwaka wa 539 KK aliteka Babeli, akawaachilia Wayahudi warudi Yerusalemu kujenga hekalu. Ndio maana kwa Isaya 45 anaitwa masihi wa Bwana, na hakuwa hata Myahudi. Heshima kama hiyo hakuna mgeni mwingine aliipata kwa hicho kitabu.

Maana yake? Waandishi wa Kigiriki walisema ni "jua", na hiyo ndiyo utapata kwa vitabu vingi vya majina ya watoto. Wasomi wa lugha wa siku hizi wako na nyingine ambayo mimi naipenda zaidi: "anayemwaibisha adui kwa maneno." Kwa lugha ya mtaa, msee wa kuchapa diss hadi mtu anyamaze. Kama unajua Cyrus mwenye hawezi shindwa mabishano kwa grupu ya WhatsApp, sasa unajua shida ilianzia wapi.

Huko Iran hili jina si mchezo. Kaburi la Kourosh liko bado, mahali panaitwa Pasargadae, jumba la mawe limesimama peke yake kwa uwanja. Oktoba 2016 watu maelfu walikusanyika hapo kumkumbuka, wengine wakipiga kelele dhidi ya utawala, na serikali ikakamata waliosemekana kuandaa. Fikiria, mtu amekufa karne 25 zimepita na bado anasumbua polisi. Kwa hivyo mzazi wa Tehran akimwita mtoi wake Kourosh, anaweza kuwa amependa tu jina, lakini majirani pia wanaweza kusikia kitu kingine.

Wenzake wa ukoo wa kifalme wako pia kwa Biblia yako. Darius ni Dariush, na kwa Kiswahili cha Biblia ni Dario. Maana yake ni "anayeshikilia wema", na hii wasomi hawabishani sana. Artashasta, yule Nehemia alikuwa anampelekea divai, ni Ardeshir siku hizi, na jina linasema ufalme wake umesimama kwa haki. Ahasuero wa kitabu cha Esta, wasomi wengi wanasema ndiye Xerxes, na Wairani humwita Khashayar, "anayetawala mashujaa". Ile filamu ya 300 ilimwonyesha akiwa jitu limejaa pete usoni na mnyororo kila mahali. Ilipotoka 2007 Wairani walikasirika sana, na unaelewa: hilo ni jina la mjomba wa mtu.

Kitabu kilichookoa majina

Waarabu waliteka Uajemi karne ya 7, na dini ikabadilika pole pole. Kwa kawaida lugha pia ingepotea, kama ilivyopotea Misri. Haikupotea. Sababu moja kubwa ni mzee mmoja wa mji wa Tus, Ferdowsi, aliyekaa zaidi ya miaka 30 akiandika Shahnameh, kitabu cha wafalme, akamaliza karibu mwaka wa 1010. Ni shairi la beti karibu 50,000. Ukikutana na Mwirani ana jina la shujaa, kuna uwezekano mkubwa wazazi walilitoa humo ndani.

Rostam ndiye bingwa wao mkubwa. Hata kuzaliwa kwake kulikuwa noma: mtoto alikuwa mkubwa hivi kwamba mama alipasuliwa tumbo, na ndege wa ajabu anaitwa Simurgh ndiye alitoa maelekezo. Siku moja farasi wa Rostam akapotea, akamfuata hadi nchi nyingine, akalala kwa mfalme wa huko, na binti mfalme akapata mimba. Rostam akaacha kito cha kufunga mkononi, mtoto avae, halafu huyo, akaenda. Stori ya mbuyu kuhepa si ya leo.

Mtoto aliitwa Sohrab, na jina linahusu wekundu, "maji mekundu". Alikua haraka, akawa jeshi la mtu mmoja, akaenda vitani akitafuta babake. Wakakutana uwanjani, kila mmoja upande wake, hakuna anayemjua mwenzake. Wakapigana. Rostam akamchoma kisu, na wakati kijana anakufa anasema baba yangu Rostam atalipiza, ndiyo mzee anaona kile kito kwa mkono. Kuna dawa ingemwokoa lakini mfalme alichelewesha. Hadi leo Mwirani akisaidiwa wakati mambo yameshaharibika husema hiyo ni dawa iliyokuja baada ya Sohrab kufa. Na bado watu wanaita watoto Sohrab. Niliuliza hilo swali kichwani mara nyingi: unampaje mtoto jina la kijana aliyeuawa na babake? Nafikiri ni ju kwa ile stori yeye ndiye hakukosea.

Halafu kuna Kaveh, na huyu lazima nikae naye. Kulikuwa na mfalme anaitwa Zahhak, ameotwa na nyoka wawili mabegani. Hao nyoka chakula chao ni ubongo wa vijana. Kila siku vijana wawili wanakamatwa, wanachinjwa, nyoka wanakula, nchi inaendelea. Kaveh alikuwa mhunzi tu, fundi wa chuma. Alikuwa na watoto wanaume 18, akabaki na mmoja, na huyo mmoja pia akachukuliwa. Akaingia ikulu, akakuta wazee wa nchi wanasaini karatasi inayosema mfalme ni mtu wa haki. Akairarua. Akatoka nje, akavua ile aproni yake ya ngozi, akaifunga kwa mkuki ikawa bendera, watu wakamfuata, na Zahhak akaanguka. Kama ulikuwa tao Juni 25, 2024 na bendera mgongoni, sidhani nahitaji kukueleza kwa nini Wairani wanapenda kuita watoto Kaveh.

Siavash ni "mwenye farasi weusi". Mke wa babake alimtaka, akakataa, akasingiziwa, ni kama stori ya Yusufu na mke wa Potifa, ila huyu alithibitisha ukweli kwa kupita kwa moto na farasi wake akatoka bila kuungua. Arash alikuwa mpiga mshale. Nchi mbili zilikubaliana mpaka utakuwa pale mshale wake utaanguka, akaweka nguvu zote za uhai wake kwa huo mshale mmoja, ukaruka tangu alfajiri hadi mchana, na mwili wake ukasambaratika papo hapo. Unajua pia Arash mwimbaji, yule wa "Boro Boro" na "Broken Angel". Jina ni hilo hilo.

Reza, Hossein na majina mawili kwa moja

Sasa usidanganyike na hizi stori za mashujaa. Ukienda kwa orodha za majina yanayopewa watoto sana Iran, utakuta Mohammad, Ali, Hossein, Amirali. Iran ni nchi ya Washia, na majina ya familia ya Mtume ndiyo msingi.

Hapa Mswahili ako na faida. Majina ni yale yale unayoyajua Pwani, ila Waajemi hawana sauti ya "dh" kwa hivyo wanaifanya "z". Ramadhan yako ni Ramazan yao. Abulfadhl ni Abolfazl: huyo ni Abbas, ndugu wa Hussein kwa baba, aliyeuawa Karbala mwaka wa 680 akienda kuchotea watoto maji. Na Reza ni Ridhaa, lile neno unaloliskia kwa "kuridhika" na "radhi". Imamu wa nane wa Washia aliitwa Reza, amezikwa mji wa Mashhad, na mamilioni huenda kumzuru.

Kitu kinachochanganya watu ni majina ya kuunganisha. Alireza si jina na ubini, ni jina moja: Ali na Reza. Amirhossein, Mohammadreza, Gholamreza, hivyo hivyo. Gholam ni mtumwa au mtumishi, kwa hivyo Gholamreza ni "mtumishi wa Reza". Mombasa unamjua Gulamhussein. Ni fundi yule yule wa maneno. Ukifuata mieleka, bingwa wao wa roho alikuwa Gholamreza Takhti, dhahabu ya Olimpiki 1956.

Na ukifuata mpira, unamkumbuka Alireza Beiranvand hata kama hujui unamkumbuka. Kombe la Dunia 2018, Iran na Ureno, Cristiano Ronaldo anaweka penalti, kipa anailala nayo. Mechi ikaisha 1-1. Huyo kipa alizaliwa kwa familia ya wafugaji wa kuhamahama, akatoroka nyumbani kuenda Tehran kutafuta mpira, akalala nje, akaosha magari, akafanya kazi kwa pizza. Ali ni "aliye juu", Reza ni "radhi". Nadhani babake, mwenye hakutaka kuskia maneno ya mpira, sasa ako radhi.

Majina yenye maana wazi

Kuna mengine hayahitaji stori, ni maneno tu ya kila siku. Omid ni tumaini. Azad ni huru. Payam ni ujumbe, Peyman ni agano. Behnam ni mwenye jina zuri, Behzad ni aliyezaliwa vyema. Javid ni wa milele. Shayan ni anayestahili. Kamran amefanikiwa. Bakhtiar ni rafiki wa bahati, na hiyo "bakht" ndiyo bahati yetu. Rouzbeh ni siku njema kabisa, kama ile riwaya ya Ken Walibora. Inasemekana Salman, sahaba wa Mtume aliyetoka Uajemi, ndilo jina alizaliwa nalo.

Navid ni habari njema. Hili naliweka peke yake. Navid Afkari alikuwa mwanamieleka wa Shiraz aliyekamatwa baada ya maandamano ya 2018. Alisema alikiri mauaji kwa sababu ya kuteswa. Wanamichezo dunia nzima waliomba aachwe. Alinyongwa Septemba 12, 2020, ako na miaka 27.

Wengine wana majina ya sayari. Bahram ni Mirihi, Hormoz ni Mshtarii, Keyvan ni Zohali. Hormoz ni mtamu zaidi ju ndiyo umbo la baadaye la Ahura Mazda, "Bwana mwenye hekima", Mungu wa dini ya Zoroasta. Jina hilo hilo liko kwa mlango wa bahari wa Hormuz, ule ukiskia umefungwa unajua bei ya petroli inapanda na nauli ya mat inafuata. Na hiyo Mazda ni Mazda unayoijua. Kampuni yenyewe husema jina lake limetoka kwa huyo Mungu, na pia kwa mwanzilishi wao Matsuda. Kwa hivyo ile Demio ya jirani imebeba theolojia.

Halafu kuna Sina. Limetoka kwa Ibn Sina, daktari aliyeandika kitabu cha tiba kilichofundishwa Ulaya kwa karne nyingi, aliyefia Hamadan mwaka wa 1037. Jina la heshima sana. Lakini hebu mlete huyo msee Nairobi. "Jina lako?" "Sina." Karao hatamwachilia.

Farrokh wa Zanzibar

Uislamu ulipoingia Uajemi, Wazoroasta wengine walihamia India. Wakaitwa Parsi, yaani Waajemi. Kiarabu hakina "p", ndiyo maana lugha inaitwa Farsi na watu wanaitwa Parsi, na ndiyo maana jina Piruz, "mshindi", lina pacha anaitwa Firoz.

Parsi wengine walivuka hadi Afrika Mashariki. Septemba 5, 1946, Mji Mkongwe, Zanzibar, familia moja ikapata kijana wakamwita Farrokh, "mwenye heri". Farrokh Bulsara. Baada ya mapinduzi ya 1964 wakahamia Uingereza, na huko akajiita Freddie Mercury. Ndiyo, yule wa Queen.

Na Kenya tulikuwa naye wetu. Pheroze Nowrojee, wakili mkongwe aliyetetea watu wakati kutetea watu kulikuwa hatari, aliaga 2025. Pheroze ni huyo Piruz, mshindi. Nowrojee ni Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi unaoanza Machi. Watu wa Makunduchi, Unguja, wako na Mwaka Kogwa, na sherehe hiyo imebeba kumbukumbu ya Nowruz hiyo hiyo.

Wazee wa Pwani wamesema tangu zamani kwamba babu zao walikuwa Washirazi, na wasomi wengi walikuwa wanacheka. Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA ya mifupa kutoka makaburi ya kale ya Pwani, Mtwapa na Manda zikiwemo. Asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa akina mama, na ya Kiasia zaidi kwa akina baba, wengi wao Waajemi. Wanaume walikuja, wakaoa, wakakaa. Majina yao mengi yalipotea, lakini maneno yakabaki: bandari, dirisha, pamba, serikali. Na mtu wa Shiraz humwita ndugu yake "kaka".

Nani anaamua mtoi ataitwa nani

Jina la ukoo ni kitu kipya huko. Sheria ya kulazimisha kila mtu awe nalo ilikuja 1925. Ndipo ukapata zile herufi za mwisho: "-zadeh" na "-pour" ni mzaliwa au mwana wa, "-nejad" ni wa ukoo wa, "-i" mara nyingi ni mahali. Ahmadinejad, wa ukoo wa Ahmad.

Jina la kwanza mzazi hachagui peke yake. Ofisi ya usajili wa raia lazima ikubali, na jina likionekana kutusi dini au kutofaa, linarudishwa. Wazazi Wakurdi na Waazeri wamelalamika miaka mingi kwamba majina ya lugha zao yanakataliwa. Kwa hivyo familia nyingi hucheza kama sisi: jina moja kwa cheti, lingine nyumbani. Kwa karatasi ni Mohammad, kwa mathe ni Arash. Kwa Wakurdi utaskia Hiwa, ambayo pia ni tumaini. Waarmenia, ambao ni Wakristo, hubaki na yao: Andranik Teymourian, Mkristo wa kwanza kuwa kapteni wa timu ya taifa, ana jina linalosema "kifungua mimba".

Ukikutana na mmoja, kwa ndege, kwa chuo, kwa kazi ya Dubai, ukilitaja jina lake usiseme "Alireza" kwa haraka ukikaza mwanzo. Uzito uko mwisho: Ali-re-ZA. Dari-YUSH. Ku-RUSH. Kama ni mtu mzima weka Agha mbele, Agha Reza, ni kama kusema Bwana au Mzee. Mkishazoeana weka "jan" nyuma, ambayo ni roho, mpenzi, azizi, na wanaume huitana hivyo bila noma yoyote: Omid jan, Kaveh jan. Usishangae naye akikuita hivyo siku ya pili tu.